Hivi mwani unaweza kweli kula oili chafu? Shimo la gereji limenishinda

Mpiga Brashi

Wakuu habari za jioni. Naombeni akili zenu maana yangu imefika mwisho. Nina kagereji Tabata, pembeni tunaosha magari na bajaji, siku nzuri gari kumi na tano mpaka ishirini, siku ya mvua vijana wanacheza drafti tu. Maji yote yanaingia kwenye shimo nililojenga kwa tofali mwaka juzi, likijaa yanatoka kwa bomba mpaka mtaroni, na mtaro wa huku kwetu mnajua unaenda wapi, mto Msimbazi. Sasa wiki jana bwana afya kapita, kasimama juu ya shimo kama dakika tano hivi hasemi kitu, afu kaniambia nakupa mwezi mmoja, nikirudi nisiikute hii rangi. Rangi anayosema ni ule utando wa juu unaong'aa bluu zambarau dhahabu, kwa mbali unaweza kudhani mtu kaanika kitenge.

Sasa kuna dogo mmoja kanionyesha video, wazungu wana matenki ya vioo, maji kijani kibichi yanazunguka humo ndani, wanaita maikroalji, yaani mwani mdogo usioonekana kwa macho, eti unasafisha maji yenye mafuta. Nikakumbuka nyuma ya gereji nina simtenki la lita 1000 lilipasuka mfuniko tangu mwaka jana, maji yake yamekuwa kijani kama mlenda. Nikasema si ndo huu huu? Jumamosi nikachota ndoo mbili nikamwaga shimoni. Jumatatu asubuhi naenda kuangalia ukijani hakuna, maji kahawia vilevile, utando uleule, na harufu ndo imezidi, mama wa chapati jirani kahamisha jiko lake upande wa pili.

Sasa nauliza, huu mwani wa simtenki ni tofauti na wa kwenye video? Au kuna wa kununua? Na ukishakula hiyo oili naweza kuuvuna nikawapa bata, maana nasikia una protini? Natanguliza shukrani, na wenye kejeli pia karibuni maana nimeshazoea.

Jogoo wa Buguruni

Kejeli imefika mkuu 😂😂 mwani si ule wanalima akina mama kule Paje na Jambiani wanafunga kwenye kamba? Huo ndo unataka kuulisha oili ya fuso? Subiri wakusikie.

Bosi Nyota

Ndugu tatizo lako dogo sana. Tunao unga wa mwani kutoka Ulaya, kijiko kimoja kinasafisha shimo zima ndani ya dakika 10, maji yanakuwa ya kunywa. Njoo inboksi tuongee bei ya mteja mpya.

Kemia Mtaani

Bosi Nyota wewe kaa kwanza nakuja kwako.

Kaka Mpiga Brashi pole na shimo. Nilisoma kemia na kazi yangu mpaka leo ni mambo ya maji, kwa hiyo nitaandika kirefu, wenye haraka wapite.

Mwani wa Paje ni jamii nyingine, ule unashika mkononi. Huu wa simtenki lako ni vimwani vya chembe moja moja, mfano Chlorella, ambayo ina upana wa mikroni 2 mpaka 10 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na unywele wako una mikroni kama 70. Kwa hiyo ule ukijani unaouona ni mamilioni kwa mamilioni ya vidude hivyo kwenye kila kikombe. Na jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hapana, hakuna tofauti kubwa ya kutisha, wa simtenki lako na wa kwenye video ni ndugu. Tena wako umeshazoea jua la Dar, mimi ningeuamini kuliko wa dukani.

Shida iko kwenye neno "kula". Vimwani vingi havili mafuta. Vinakula mwanga, hewa ya ukaa na mbolea kidogo, basi. Vipo vichache vinavyoweza kuvunja baadhi ya kemikali za kwenye mafuta, na kuna kimoja cha ajabu kinaitwa Prototheca, hakina hata ukijani, miaka ya 1970 watafiti walikuta kinakula mafuta ya petroli yenyewe, lakini hicho hicho kina ndugu zake wanaowapa ng'ombe ugonjwa wa kiwele, sasa sidhani kama unataka kukifuga. Wanaokula oili kwa kazi ni bakteria. Na hao bakteria tayari unao shimoni kwako, hakuna haja ya kuwanunua, popote oili ilipomwagika muda mrefu wapo. Wanachokosa ni pumzi.

Hebu fanya hesabu hii na mimi. Oili ni kaboni kwa sehemu kubwa, kama asilimia 85. Kilo moja ya oili ili iungue yote kwa njia ya bakteria inahitaji kama kilo 3.4 za oksijeni. Maji masafi ya joto letu hili, nyuzi 28 hivi, yanabeba oksijeni isiyofika hata miligramu 8 kwa lita. Gawanya mwenyewe, inakuja zaidi ya lita laki nne za maji masafi kwa kilo moja tu ya oili! Shimo lako lina lita ngapi, elfu mbili? Ndo maana linanuka, bakteria wameshamaliza oksijeni yote wamebaki wale wanaoishi bila hewa, na wale ndo wanatoa ile harufu ya yai bovu.

Hapo ndipo vimwani vinapoingia. Mchana vikipata jua vinatoa oksijeni humo humo majini, bakteria wanapumua, wanakula oili, wanatoa hewa ya ukaa, vimwani vinaichukua hiyo hewa ya ukaa vinakua. Wanalishana. Na siyo kitu kipya, California walishaanza kutumia mchezo huu kwa maji taka ya kawaida tangu miaka ya 1950, mabwawa ya kina kifupi kama sentimita 30 na gurudumu la kuyazungusha. Hata hapa kwetu ukipita kwenye mabwawa ya maji taka ya Vingunguti au yale ya Chuo Kikuu, ule ukijani si uchafu, ndo mfanyakazi mwenyewe.

Sasa kwa nini wako ulikufa siku mbili. Moja, ule utando wako wa kitenge umefunika uso wa maji, na chini yake maji ni meusi, kimwani kimemwagwa gizani. Pili naomba unijibu kwa ukweli, injini mnaosha na nini?

Mpiga Brashi

Dada umenipiga swali la polisi. Injini tunaosha na petroli au mafuta ya taa, brashi, afu sabuni ya unga, afu maji ya presha. Kila gereji ndo inafanya hivo jamani.

Kemia Mtaani

Basi ndo kilichoviua. Oili nzito inafunika tu, lakini mafuta mepesi kama petroli na ya taa yanapenya kwenye ngozi ya chembe yenyewe yanaivuruga, kimwani kinapoteza rangi kinakufa. Na maiti zake zimeongeza uozo, ndo harufu iliyomhamisha mama wa chapati.

Na sabuni ndo balaa lingine. Oili ikiwa tone kubwa inapanda juu yenyewe, ukiivunja kwa sabuni na presha inakuwa matone madogo madogo sana, maji yanakuwa meupe kama maziwa ya chai, na tone likiwa dogo mara kumi linapanda polepole mara mia. Halipandi leo wala kesho. Sasa hilo la maziwa ndo gumu kulitoa, na ndo hilo hasa linalohitaji bakteria na vimwani. Utando wa juu hauhitaji biolojia yoyote, unahitaji mkono.

mzee_wa_spana

Nimesoma yote nimecheka. Mimi nimeanza ufundi Gerezani kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Binti hapo juu anaongea ukweli lakini anazunguka sana kwa mahesabu. Kijana nisikilize.

Oili chafu haitakiwi kufika shimoni kabisa. Ukibadilisha oili kinga kwa beseni, mimina kwenye dumu, funga. Wanunuzi wa oili chafu wanapita kila siku, na wanaojenga wanaitaka ya kupaka nguzo za mbao mchwa wasile. Wewe unaimwaga hela afu unamtafuta mwani aje aile! Mafilta ya oili yageuze juu ya dumu yadondoke usiku kucha, asubuhi utaona mwenyewe kiasi gani kimetoka. Matambara usisuuze.

Pili, shimo la chumba kimoja si shimo, ni beseni. Jenga vyumba vitatu. Cha kwanza mchanga na tope vinakaa chini. Cha pili oili inapanda juu. Kutoka chumba kwenda chumba usitoboe tundu juu kama wanavyofanya mafundi ujenzi wetu hawa, weka bomba la inchi nne na tii, kile kiungio cha bomba chenye umbo la T, inayoangalia chini, mdomo wake uwe katikati ya maji, hivo maji yanapita kwa chini oili inabaki juu imekwama. Kila Jumamosi unaichota kwa kopo. Sisi tulifanya hivi kwenye karakana moja ya serikali nikiwa mwanafunzi wa ufundi, hakuna aliyekuwa na habari ya mwani.

Tatu, zamani oili chafu tulikuwa tunaimwaga makusudi kwenye madimbwi kuua mbu. Kwa hiyo ukisafisha shimo lako ujue na mbu wanarudi, weka wavu.

Mpiga Brashi

Shikamoo mzee. Hiyo ya tii imeniingia. Shimo langu tundu liko juu kabisa, yaani nilijenga mtambo wa kupeleka oili mtoni na kubakiza maji 🤦🏾

mzee_wa_spana

Marahaba. Wengi mmejenga hivohivo.

Kemia Mtaani

Mzee shikamoo, na mahesabu nitaongeza moja tu, nivumilie. 😄

Simtenki la lita 1000 likikatwa juu lina uso wa kama mita moja ya mraba. Bwawa la vimwani linaloendeshwa vizuri linazalisha gramu 15 hivi za vimwani kwa mita ya mraba kwa siku, na kila gramu ya vimwani inaambatana na gramu kama moja na nusu ya oksijeni. Inakuja gramu 22 za oksijeni kwa siku. Rudi kwenye ile hesabu ya kwanza, hiyo inatosha kuunguza gramu sita na nusu za oili, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Kwa siku nzima ya jua! Ukiruhusu lita moja ya oili kwa siku iingie shimoni utahitaji simtenki zaidi ya mia moja na thelathini, utakuwa umefunga gereji umefungua shamba.

Lakini kama umefanya alivosema mzee, oili umekinga kwa dumu, ya juu umechota, kilichobaki ni yale maziwa ya chai tu, hapo vijiko viwili vitatu kwa siku, simtenki mbili tatu zinapumulia. Kwa hiyo mwani unakuja mwisho kabisa, kung'arisha. Kanuni za nchi zinataka mafuta na grisi yasizidi miligramu 10 kwa lita kwenye maji unayoyaachia mtoni, na hiyo miligramu 10 kwa kopo peke yake hufiki, na kwa mwani peke yake hufiki.

Na mbolea usisahau. Maji ya gereji yana kaboni kibao lakini naitrojeni na fosforasi ni kidogo. Vimwani kwa wastani, ukihesabu kwa atomi, vinataka kaboni 106 kwa naitrojeni 16 kwa fosforasi 1. Hata meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, moja ya kazi kubwa walizofanya ni kunyunyizia mbolea kwenye fukwe ili bakteria wa palepale wafanye kazi haraka. Wewe chukua urea na DAP ya dukani, kidogo sana, nusu kijiko cha chai kwa simtenki. Ukizidisha unaupeleka huo uozo mtoni kwa jina jingine.

Bosi Nyota

Dada unamchanganya mteja. Unga wetu hauhitaji jua, hauhitaji mbolea.

Kemia Mtaani

Kimwani kisichohitaji jua wala chakula, kinachomaliza oili kwa dakika kumi. Nikuulize, ukiweka huo unga oili inaenda wapi? Maana kaboni haipotei, lazima iwe hewa ya ukaa au iwe mwili wa mdudu au iwe imezama chini. Kwa dakika kumi karibu hakuna mdudu anayegawanyika hata mara moja. Nadhani unauza sabuni, inaivunja oili vipande vidogo macho hayaoni, mteja anafurahi, samaki wanaikuta yote chini. Kama siyo sabuni tuwekee hapa kilichomo.

Jogoo wa Buguruni

Bosi Nyota kazima data ghafla 😂

Mtu wa Kivukoni

Naongezea la baharini maana mimi niko Kigamboni na huku matenki ya mafuta ndo majirani zetu, na bomba la kwenda Zambia linaanzia huku. Watu wanadhani siku mafuta yakimwagika baharini utamwaga tu vijidudu viyamalize. Mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipopanda mwamba kule Morisi ikamwaga kama tani 1000, kitu cha kwanza wananchi walichofanya ni kushona maboya marefu kwa majani ya miwa na hata nywele za saluni, wakayatandaza majini kuzuia mafuta yasifike kwenye mikoko. Kwanza zuia, kwanza zoa. Mikoko ikishapakwa mizizi yake ya kupumulia imeziba, huna cha kufanya.

Na kuna hadithi ya Ghuba ambayo nadhani inamhusu mwenye uzi. Baada ya vita ya 1991 mafuta yalijaa pwani ya Saudia mamia ya kilomita, afu baada ya muda watu wakaona juu ya mafuta kumeota zulia la kijani-bluu, wakashangilia, bahari inajisafisha! Walipochunguza wakakuta wanaokula mafuta hasa ni bakteria waliokuwa wamejificha ndani ya lile zulia, kama dada alivosema. Na miaka ikaenda, sehemu nyingine lile zulia likawa ndo limekuwa mfuniko, chini yake hewa haifiki, mafuta yamekaa humo yamehifadhiwa kama nyama kwenye friji. Kwa hiyo ukiona kijani juu usikimbilie kumwita bwana afya.

Kemia Mtaani

Hiyo ya Ghuba nimeipenda sana, ningeisahau. Ndo maana lazima maji yazunguke, kapampu kadogo ka akwariamu kanatosha, au kijana akoroge kwa mti mara nne kwa siku. Usiku vimwani navyo vinatumia oksijeni, alfajiri ndo hali inakuwa mbaya kuliko saa zote.

Kaka kabla hujajenga chochote jaribu kwa ndoo. Ndoo tatu nyeupe za lita 20 uone ndani. Ya kwanza weka maji ya shimo kama yalivo na kijani chako. Ya pili maji ya shimo yaliyotulia siku mbili, oili ya juu umeitoa yote, ongeza nusu yake maji masafi, kijani, na mbolea ya kuchukua kwa ncha ya kisu. Ya tatu kama ya pili ila usiweke kijani, funika na mfuko mweusi. Kama ya tatu nayo itasafika sawasawa na ya pili basi kijani hakina kazi, tutakuwa tunajidanganya. Na bata sahau kabisa! Oili iliyotoka kwenye injini ina zinki na metali nyingine na zile kemikali zinazoleta saratani, vimwani vinazinyonya vinazishika. Ukimpa bata, umekula wewe.

Mama Tunu

Kutolea oili ya juu tumieni sufi jamani, ya msufi, ile ya kujazia mito. Inakataa maji inakunywa mafuta, unyuzi wake una nta kwa nje na ndani uko wazi kama mrija. Shangazi yangu alimwagikiwa mafuta ya kupikia kwenye pipa la maji, akatupia sufi, ikatoka imelowa mafuta tu. Inabeba mafuta mazito kuliko yenyewe mara nyingi sana, na ukiikamua unairudishia.

Mpiga Brashi

Asanteni sana wote, dada, mzee, Mama Tunu. Naenda kujaribu ndoo, nikipata majibu narudi.

Mpiga Brashi (wiki tatu baadae)

Nimerudi wakuu, uzi wangu umezama huko chini nimeutafuta kwa tochi.

Sufi nilikosa dukani nikachana mto mmoja wa zamani, tusiulizane wa nani. Ile kitu ni noma. Nilifunga kama ngumi ndani ya kipande cha chandarua nikaiburuza juu ya maji, imeingia nyeupe imetoka nyeusi inadondosha oili tupu, maji karibu hakuna. Mara tatu tu utando ukabaki ule mwembamba wa rangi rangi.

Ndoo ya kwanza, siku ya pili tu ukijani umeanza kuwa wa njano, siku ya tatu kahawia, siku ya tano nikaimwaga kwenye dumu la oili chafu maana vijana waligoma kupita karibu.

Ndoo ya pili siku nne za kwanza nilikata tamaa, rangi ilipauka kama chai ya hospitali. Siku ya sita nikaona kijani pembeni upande unaopigwa jua. Siku ya tisa ndoo nzima kijani, mchana ukiinama unaona viputo vidogo vidogo vinapanda kama soda iliyomwagwa zamani. Utando umekwisha. Harufu ni kama ya bwawa, siyo ya yai. Siku ya kumi na nne nikachota kwenye glasi nikaiacha usiku, asubuhi kijani kimekaa chini, juu maji unasoma gazeti.

Ya tatu ile ya mfuko mweusi utando umepungua lakini bado upo, na inanuka kidogo.

Nikafurahi nikataka kuja kujitapa hapa. Afu jana naosha ile ndoo ya pili nikapitisha kidole ukutani, pale maji yalipokuwa yanaishia, kidole kimetoka cheusi! Mstari mzima umezunguka ndoo, oili imejibandika pale. Sasa dada sijui, imeliwa au imehama tu?

Kemia Mtaani

Hahaha kaka wewe ungefaa maabara, wengi wanaiosha hiyo ndoo bila kuangalia afu wanaandika "oili imeisha".

Jibu ni vyote. Nyingine imeliwa, na kupotea kwa harufu na viputo ni dalili nzuri kwamba oksijeni ilikuwepo. Nyingine, ile nyepesi, imepaa hewani siku mbili za mwanzo kwa joto hili. Nyingine imejibandika kwenye plastiki, plastiki na oili ni marafiki. Na nyingine imo ndani ya lile tope la kijani chini ya glasi. Kwa macho huwezi kujua kila moja ni kiasi gani. Kabla hujamwambia bwana afya kitu chukua chupa mbili za kioo, moja ya maji ya shimo na nyingine ya maji ya juu ya ndoo ya pili, wapelekee Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara yoyote inayopima mafuta na grisi. Chupa za kioo tafadhali, umeshaona plastiki inavyofanya.

Na lile tope la kijani usilimwage mtaroni, lianike juani juu ya turubai, likikauka lichanganye na taka za oili zako. Kama linagoma kutulia kwenye simtenki, saga mbegu za mlonge, koroga, acha saa mbili, linashuka karibu lote.

mzee_wa_spana

Vyumba vitatu umejenga?

Mpiga Brashi

Viwili vimeisha mzee, cha tatu fundi bomba anakuja Alhamisi na tii zake. Na bati juu nimeweka, maana nimekumbuka masika yakipiga humo ndani oili yote inaelea inatoka. Oili chafu nimeshakinga madumu mawili, jamaa kaja kununua moja.

mzee_wa_spana

Bati umefanya vizuri. Ila na maji ya juu ya uwanja yasiingie shimoni, nyanyua kingo kwa tofali moja.

Kemia Mtaani

Bwana afya aliporudi alisemaje?

Mpiga Brashi

Alikuja Jumatatu. Kasimama tena dakika tano zake, kaona vyumba, kaona ndoo za kijani kauliza hii ni dawa gani, nikamwambia ni mwani. Kaandika kwenye daftari. Kanipa mwezi mwingine, kasema akija akute karatasi ya maabara. Chupa napeleka kesho.

Mama Tunu

Na mto?

Mpiga Brashi

Mama mkwe kaninunia, nimemnunulia mwingine wa sponji, bado hajaongea na mimi.

Jogoo wa Buguruni

Mkuu tuache utani, Noah mnaosha shingapi hapo? Nije Jumapili.

Mpiga Brashi

Elfu saba nje na ndani. Injini kwa petroli hatuoshi tena, tunafuta kwa tambara kavu, ukitaka iloweshwe nenda kwingine.